Boriti, Pamba, Mpingo: Historia ya Ukuta Usioonekana

Wageni wanaovuka kutoka Kilwa Masoko kwenda Kisiwani huenda kutazama mawe. Msikiti Mkuu, Husuni Kubwa, Gereza, Makutani: vyote ni matumbawe na chokaa, na vitabu vimezoea kuusifu mji huo kwa mawe yake. Lakini inua macho, utazame palipokuwa na dari. Kwenye kuta kadhaa utaona safu ya mashimo yaliyopangwa kwa nafasi zinazokaribia kulingana. Humo ndimo zilimokaa boriti. Mawe yamebaki, miti imeoza, nasi tumekubali kirahisi mno kwamba kilichobaki ndicho kilichokuwa na maana.

Aliyeuona mji huo ukiwa hai hakushughulika sana na mawe. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alifika Kilwa mwaka 1331, zama za Sultani al-Hassan bin Sulaiman, yule aliyepewa lakabu ya Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake. Kuhusu majengo alisema ni ya mbao, na kwamba nyumba zimeezekwa kwa matete. Maneno hayo yamewasumbua wanaakiolojia, maana Neville Chittick alipoanza kuchimba Kilwa mwishoni mwa miaka ya 1950 alikuta mji wa mawe. Mimi naona yule Mmoroko hakukosea sana. Walio wengi, kama ilivyoendelea kuwa pwani nzima, walilala katika nyumba za miti na udongo. Na hata nyumba ya mawe yenyewe ilikuwa chini ya amri ya mti. Chumba chake kwa kawaida hakikuzidi mita tatu upana, mara nyingi hakikufika hata hapo, kwa kuwa huo ndio umbali ambao boriti ya mkoko iliweza kuuvuka bila kupinda chini ya dari nzito ya mawe na chokaa. Tajiri aliyetaka ukumbi wa fahari aliongeza urefu, upana hakuugusa. Katika sehemu ya kale kabisa ya Msikiti Mkuu nguzo za matumbawe ziliondolewa wakati fulani, zikasimamishwa za mti mahali pake.

Basi ipo historia nyingine ya pwani hii, ambayo haionekani kwa macho kwa sababu ilijengwa ndani ya seli za mimea. Kila mara biashara, serikali au vita vilipofika Kilwa na Lindi, nyuma yake kulikuwa na mmea fulani uliojenga ukuta wa seli zake kwa namna fulani.

Seli ya mmea, tofauti na ya mnyama, hujizungushia ukuta. Ule wa kwanza ni mwembamba na hunyumbulika, kwa kuwa seli bado inakua. Seli za mti zikishafikia ukubwa wake hujenga ukuta wa pili kwa ndani, mnene kuliko wa kwanza, kisha hufa. Sehemu kubwa ya boriti ni maiti za seli zilizojimaliza kwa mpango, zikaacha kuta zao zifanye kazi. Mtu aliyewahi kushiriki kujenga nyumba ya udongo ataelewa ujenzi huo upesi. Selulosi ndizo fito: nyuzi ndefu za sukari zilizoungana sambamba, zisizokatika kirahisi zikivutwa. Lignini ndiyo udongo: huingia katika kila nafasi kati ya fito, hugandisha kila kitu mahali pake, hukataa maji yasipenye na hustahimili kubanwa. Jina la lignini lilitolewa na mtaalamu wa mimea wa Uswisi, Augustin Pyramus de Candolle, mwaka 1813. Selulosi ilitambuliwa na Mfaransa Anselme Payen mwaka 1838. Wakati huo mafundi wa Kilwa walikwishachagua miti kwa ubora wa kuta hizo kwa karne nyingi, kwa kugonga, kupima uzito mkononi na kutazama mti unavyokatika.

Walichokichagua kilikuwa na sababu yake. Mkoko husimama kwenye matope ya chumvi, na maji ya chumvi hayaingii mtini kwa hiari. Lazima mti uyavute kwa nguvu kubwa ili chumvi ibaki mizizini na maji yapande. Mwaka 1965 Per Scholander na wenzake walichapisha vipimo vya mvuto huo: ndani ya mirija ya mikoko ulizidi angahewa 30. Mrija wenye ukuta dhaifu ukivutwa hivyo hunywea na kufa. Kwa hiyo mkoko huwa na mirija myembamba, iliyozungukwa na nyuzi zenye kuta nene zilizosheheni lignini. Ugumu uliobeba dari za masultani ulikuwa, kwa mti wenyewe, njia ya kunywa maji.

Ugumu huo ulisafirishwa mapema. Katika karne ya 10 mwanajiografia al-Istakhri aliandika kwamba nyumba za Siraf, bandari tajiri ya Ghuba ya Uajemi, zilijengwa kwa msaji na kwa miti iliyoletwa kutoka nchi ya Zanj. Nchi za Ghuba zina mawe, udongo na jua la kutosha. Mti wa kuvuka chumba hazina. Miaka elfu moja baadaye biashara ilikuwa ile ile. Mwanzoni mwa 1939 baharia Mwaustralia, Alan Villiers, alisafiri katika jahazi la Kuwait chini ya nahodha Ali bin Nasir al-Najdi mpaka delta ya Rufiji, jirani ya Kilwa upande wa kaskazini, na mabaharia walikaa matopeni kwa majuma wakikata na kupakia boriti. Nyumba za Kuwait zilikuwa na vyumba vyembamba kama vya Kilwa, kwa sababu ile ile. Ukikuta leo dari ya zamani Bahrain au Muscat yenye miti ya mviringo iliyopangwa sambamba, uwezekano ni mkubwa kwamba ilikua kwenye hori za Afrika Mashariki.

Misitu hiyo ya mikoko haikuwa ya aina moja, na wakataji walijua tofauti. Mkoko wenyewe, mkandaa na msinzi ndiyo miti ya kujengea. Mchu ulikuwa wa kuni na wa kazi nyingine. Mkomafi uliwafaa waunda majahazi. Magome ya mkandaa yalitoa rangi na tanini ya kutengenezea ngozi. Wajerumani walipoingia, moja ya sehemu za kwanza walizoziweka chini ya idara ya misitu ilikuwa mikoko ya Rufiji, wakatoza ushuru kwa boriti ambazo watu walikuwa wakikata bila kumwomba mtu ruhusa. Mafuta ya petroli, saruji na nondo ndivyo vilivyoiua biashara ya boriti ya Ghuba hatimaye. Kenya ilipopiga marufuku kusafirisha boriti nje mwaka 1982, wanunuzi wenyewe walikuwa wamekwisha kupungua.

Pamba ni mmea wa tabia tofauti kabisa, na Wajerumani walipoileta nyuma ya Kilwa ilizaa msiba. Uzi mmoja wa pamba ni seli moja tu iliyochomoza kwenye ganda la mbegu, ikarefuka hadi sentimita mbili au tatu. Baada ya kurefuka hujenga ukuta wa pili, lakini haitii lignini. Uzi uliokomaa ni selulosi zaidi ya sehemu 90 kwa 100. Ni fito tupu, bila udongo. Ndiyo maana husokoteka, hulainika, hunywa maji na rangi. Viwanda vya nguo vya Ujerumani vilitegemea pamba ya Marekani, na serikali ya Berlin ilitaka makoloni yaivunje minyororo hiyo. Kuanzia mwaka 1902 Gavana von Götzen akaamuru mashamba ya pamba ya pamoja chini ya maakida na majumbe. Watu walilimishwa kwa siku zilizopangwa, na malipo, yalipopatikana, yalikuwa ya kudhalilisha.

Mwishoni mwa Julai 1905, huko Nandete katika milima ya Matumbi, watu waliingia shambani wakang'oa mashina ya pamba. Hilo ndilo lililokuwa tangazo la vita. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyekuwa akiwapa watu maji ya kuwakinga na risasi, alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro tarehe 4 Agosti, lakini moto ulikuwa umekwisha kuenea kwenda Kilwa, Liwale, Lindi na hata Ungoni. Waliokufa, wengi wao kwa njaa iliyoletwa makusudi na jeshi la Wajerumani kwa kuchoma mazao, walihesabiwa kwa makumi ya maelfu. Mwaka 1968 G. C. K. Gwassa na John Iliffe walichapisha kumbukumbu zilizokusanywa kwa wazee walioshuhudia, na ndani yake pamba inarudi tena na tena. Mmatumbi hakuhitaji darubini ili kujua ukuta wa seli ile ulijengwa kwa jasho la nani.

Haishangazi kwamba mmea huo huo ndio uliofungua mlango wa sayansi. Kwa miongo mingi wanabiolojia walijua selulosi ndiyo kitu kinachopatikana kwa wingi kuliko vyote vilivyotengenezwa na viumbe hai, lakini jeni inayoitengeneza kwenye mimea ilikuwa imewashinda. Ilijulikana kwa bakteria tu. Mwaka 1996 kundi lililomshirikisha Deborah Delmer lilichukua seli za pamba katika siku ambazo uzi hunenepa. Waliichagua pamba kwa sababu katika siku hizo uzi hauna shughuli kubwa nyingine isipokuwa kutengeneza selulosi, hivyo maagizo yake ya kijeni hayajachanganyika na mengine. Wakazipata jeni zinazofanana na zile za bakteria. Hizo ndizo jeni za CesA, na tangu hapo zimepatikana kwa kila mmea wa nchi kavu uliochunguzwa, kuanzia nyasi hadi mbuyu.

Katani nitaipitia kwa kasi, ingawa watu wa Kikwetu, karibu na mji wa Lindi, wangependa ipewe nafasi zaidi. Richard Hindorf alileta vichipukizi 1,000 vya mkonge kutoka Florida mwaka 1893. Vilivyofika vikiwa hai vilikuwa 62, vikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutoka hapo mashamba yakashuka pwani yote mpaka Lindi. Nyuzi za mkonge zina lignini, kiasi cha sehemu kumi kwa mia, ndiyo maana kamba ya katani hukwaruza mkono lakini inavuta meli. Kituo cha utafiti cha Amani, katika milima ya Usambara, kilizalisha kabla ya uhuru mseto uliopewa namba 11648, wenye uwezo wa kutoa majani zaidi ya 600 maishani mwake, zaidi ya mara mbili ya mkonge wa kawaida. Mseto huo umepandwa mpaka China. Waliouzalisha walikuwa wakipanga upya jeni za ukuta bila kuziona hata moja, kwa kupandisha chavua na kusubiri.

Baada ya vita kuu ya pili Waingereza nao walikutana na ukuta huo kwa namna yao. Mpango wa karanga ulioanza mwaka 1947 ulileta matrekta Nachingwea na reli kutoka Mkwaya, kwenye hori ya Lindi, ili misitu ing'olewe na karanga zipandwe. Miombo haikung'oka kama ilivyoandikwa kwenye makaratasi ya London. Mwaka 1951 mpango ulifutwa, hasara ya paundi milioni 36 ikaandikwa.

Swali kubwa kwa wanasayansi lilikuwa hili: nani huiamuru seli ijenge ukuta wa pili, wapi na lini? Jeni zote zimo katika kila seli ya mti, kwenye jani, ua na mzizi, lakini jani halibadiliki kuwa boriti.

Dalili ya kwanza ilitoka shambani. Mwaka 1924, kwenye shamba la chuo huko Minnesota, Marekani, yalionekana mahindi ambayo mshipa wa katikati ya jani ulikuwa wa kahawia. Baadaye ikajulikana kuwa mabua ya mahindi ya namna hiyo yana lignini pungufu, na ng'ombe huyameng'enya vizuri zaidi. Ilikuja kufahamika katika miaka ya 1990 kwamba hitilafu zilikuwa kwenye jeni za vimeng'enya vya kutengenezea lignini. Mnyororo huo huanza na asidiamino inayoitwa fenilalanini. Kila hatua ina kimeng'enya chake na jeni yake, mpaka vinapatikana vijenzi vidogo vinavyosukumwa nje hadi kwenye ukuta. Huko vimeng'enya vingine, lakase na peroksidase, huvichochea viungane vyenyewe kwa wenyewe bila ramani maalumu. Hakuna vipande viwili vya lignini vinavyofanana kabisa, na hilo ndilo linalofanya hata kuvu na mchwa wapate taabu kuivunja: hakuna mlango mmoja wa kuingilia.

Mnyororo ulipojulikana, bado aliyeuamuru hakujulikana. Uchunguzi ukahamia kwenye mmea mdogo wa jamii ya haradali uitwao Arabidopsis, ambao hauna thamani yoyote sokoni ila hukua haraka. Mwaka 1997 Simon Turner na Chris Somerville walieleza mimea ya aina hiyo ambayo mirija yake ya maji ilinywea kwa kukosa selulosi ya kutosha ukutani. Mwaka 2005 kundi la Taku Demura, Japani, likatangaza jeni mbili zilizoitwa VND6 na VND7. Walipoilazimisha VND7 ifanye kazi mahali isipotakiwa, seli za kawaida ziliacha kazi zake, zikajenga ukuta wa pili na kugeuka mirija. Mwaka 2007 Nobutaka Mitsuda na wenzake wakaonyesha upande wa pili: walipozima jeni mbili, NST1 na NST3, mashina hayakujenga kuta nene katika nyuzi zake, na mmea ukashindwa kusimama wima.

Hizo ni jeni zinazotengeneza protini ambazo kazi yake ni kuwasha jeni nyingine. Chini ya NST na VND zipo MYB46 na MYB83. Chini yake zipo nyingine, kama MYB58 na MYB63, ambazo huelekea zaidi kwenye mnyororo wa lignini. Na mwisho kabisa ndio vimeng'enya. Seli ikipata ishara ya juu, mfululizo wote huteremka, na amri ya kufa imo humo humo. Mwaka 2014 ikaonekana kwamba hata kuvumwani wa ardhini, mimea midogo isiyo na lignini ya kweli wala mti, wana jeni za ukoo huo, wakizitumia kujenga seli za kupitisha maji na za kushikilia umbo. Mtambo wa amri ni wa zamani kuliko miti. Mkoko wa Rufiji, mkonge wa Kikwetu na mpingo wa kijiji cha Kikole, wilayani Kilwa, vyote vinautumia. Kinachotofautiana ni wapi unawashwa, kwa muda gani, na matawi gani ya mfululizo yanapewa nguvu.

Hapa nina ugomvi kidogo na sayansi hii. Karibu fedha zote zilizoingia humo zilitafuta jinsi ya kupunguza lignini. Kiwanda cha karatasi huichemsha kwa kemikali ili kuiondoa. Mfugaji anataka bua laini. Watengeneza nishati ya mimea wanataka sukari iliyofungiwa ndani. Ufaransa na Ubelgiji zilipanda mashambani miti ya popla iliyopunguziwa lignini, na mara nyingine miti hiyo ilidumaa, maana mirija iliyonyimwa udongo wake hunywea. Dawa iliyofuata, kwanza katika Arabidopsis, ilikuwa kurudisha jeni iliyozimwa kwenye mirija peke yake, na kuacha nyuzi bila. Mwaka 2023 kundi la North Carolina lilitumia kompyuta kupima karibu mikakati 70,000 ya kubadili jeni 21 za lignini za popla, likachagua 7 na kuijaribu kwa kuhariri DNA. Katika baadhi ya miti lignini ilipungua karibu nusu. Ni kazi ya ajabu. Lakini pwani hii, kuanzia wajenzi wa Siraf hadi wachonga vinyago, haijawahi kupata mteja aliyeomba mti uwe laini zaidi.

Mteja wa mwisho, na mgumu kuridhika kuliko wote, ni wa mpingo. Dalbergia melanoxylon hupatikana kutoka Senegal mpaka Ethiopia na kusini hadi Afrika Kusini. Jina hilo la kitaalamu lilitolewa na Guillemin na Perrottet kwa sampuli za Senegal katika miaka ya 1830. Hata hivyo, mpingo wa biashara ni wa Tanzania na Msumbiji, na Kilwa, Lindi na Nachingwea ziko katikati ya eneo hilo. Mita moja ya ujazo wa mpingo mkavu ina kilo 1,200 na zaidi, kwa hiyo gogo lake huzama majini. Mafundi wa Misri ya kale waliutumia kwa samani za wakubwa. Wamakonde wa pande zote mbili za Ruvuma waliufanya kuwa mti wa vinyago vyao vya kuuza, na karne ya 19 ilipoisha viwanda vya Ulaya vilikwishauchagua kwa klarineti, oboe na zumari za Uskoti. Sauti ya kiwanda cha Buffet Crampon huko Mantes-la-Ville, Ufaransa, hutoka kwa sehemu kubwa katika misitu ya aina hii.

Ukipasua gogo la mpingo utaona kingo nyembamba za rangi ya njano hafifu, kisha ghafla kiini cheusi chenye zambarau kwa mbali. Huo weusi si lignini, ingawa ni ndugu yake. Mpaka wa rangi hizo ni mahali ambapo seli za mwisho zilizo hai ndani ya mti hufa. Kabla ya kufa hutengeneza kemikali nyingi za jamii ya fenoli, nyingi zikitokana na fenilalanini ile ile inayoanzisha mnyororo wa lignini, na kuzimwaga katika kuta na mashimo ya seli za jirani. Kwanza ukuta hujengwa mnene kupita kiasi, kisha hulowekwa. Fundi wa klarineti hupata kitu kisichonyonya unyevu wa pumzi, kisichobadili umbo, kinachokubali kutobolewa kwa usahihi. Mchwa hupata kitu kisicholika.

Malipo yake ni muda. Mpingo huhitaji miaka 70 hadi 100, pengine zaidi, kufikia unene wa kuvunwa kwa vyombo vya muziki. Mara nyingi humea kwa mashina mengi yaliyopinda, na moto wa kila mwaka unaopita kwenye miombo huuachia makovu ambayo huingiza uozo na nyufa katikati. Hivyo, katika gogo lililofika kiwandani, sehemu inayofaa kwa klarineti haifiki hata moja ya kumi.

Agosti 2003 daraja la Mkapa lilifunguliwa juu ya Rufiji. Kabla yake kusini palikuwa mbali kuliko ramani ilivyoonyesha. Baada yake malori yalipita usiku na mchana, yamebeba mninga, mkongo, mpangapanga na mpingo, magogo mengi yakielekea China. Ripoti ya shirika la TRAFFIC ya mwaka 2007 ilikadiria kwamba hadi sehemu 96 kwa 100 ya mapato ambayo wilaya zingeweza kuyapata kutokana na magogo hayo ilipotea. Mwanakijiji aliyeonyesha mti ulipo alipata posho ya siku moja.

Sheria ya kubadili hali hiyo ilikuwepo tayari. Sheria ya Misitu ya 2002 iliruhusu kijiji kutenga msitu wake, kuusimamia na kubaki na mapato. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa na kamati, kupima mipaka na kuhesabu miti. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cambridge walikuwa wamefika Kilwa katika miaka ya 1990 kuuchunguza mpingo. Kazi yao ikageuka mradi wenye makao Kilwa Masoko, ambao leo huitwa Mpingo Conservation and Development Initiative. Mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi ilipata cheti cha FSC, cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu, na ikawa ya kwanza Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na vijiji. Nanjirinji ilifuata, na kwa ukubwa wa msitu wake ikawapita watangulizi. Kamati za maliasili zilianza kutia alama miti ya kuvunwa, kukataa mingine, na kuuza kwa bei iliyojadiliwa mkutanoni.

Dunia nayo ikaongeza sheria zake. Tarehe 2 Januari 2017 jamii nzima ya Dalbergia iliingia katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa sababu ya mkondo wa mbao za waridi kwenda China. Wapiga vyombo wakajikuta wanaombwa vibali mpakani kwa klarineti walizozimiliki miaka 20, wakalalamika kwa sauti kubwa, na mwaka 2019 ala zilizokamilika zikasamehewa. Magogo hayakusamehewa, na ni sawa.

Swali la jeni linarudi hapa, na safari hii halipo katika maabara ya mtu. Kwa miongo mingi shoka na msumeno vimekwenda kwa mpingo ulionyooka. Uliopinda uliachwa, na uliopinda ndio ulioendelea kutoa mbegu. Kama unyofu wa shina unategemea kwa sehemu jeni, basi wavunaji wa Kilwa na Lindi wamekuwa wazalishaji wa mimea bila kukusudia, kwa mwelekeo usiofaa: kinyume cha wale wa Amani na mkonge wao. Kama kupinda kunatokana na moto tu na mbuzi waliokula ncha, hasara hiyo haipo, na kinachohitajika ni kuzuia moto miaka ya kwanza. Majibu hayo mawili yanadai sera mbili tofauti. La kwanza linadai kila kijiji kiache baadhi ya miti yake iliyonyooka kabisa, ile yenye bei kubwa, isimame kama mama wa mbegu, na hilo ni ombi zito kwa kamati inayojenga zahanati.

Kuhariri jeni za mpingo ili ukomae haraka si jibu ninaloliamini. Ukuta mnene wa mpingo unahitaji kaboni, na kaboni hutengenezwa jani kwa jani katika nchi yenye kiangazi kirefu; ukiharakisha kukua huenda ukapata mti mkubwa wenye kuta za kawaida, ambao klarineti haiutaki. Jaribio lenye manufaa ni la kizamani: chukua mbegu za miti iliyonyooka na za iliyopinda, kutoka Kikole, Nanjirinji na Nachingwea, uzipande safu kwa safu kwenye udongo mmoja, nusu uikinge na moto na nusu uiache. Mbegu za mpingo huota kwa urahisi. Marehemu Sebastian Chuwa wa Moshi na vikundi alivyovianzisha waliotesha na kupanda miche mingi sana ya mpingo kuanzia miaka ya 1990, wakitumia zaidi vifuko vya plastiki na uvumilivu. Kupinda kutaanza kujionyesha ndani ya miaka kumi au ishirini. Kiini cheusi cha kutosha klarineti kitapimwa na wajukuu wa watakaopanda.